Tarehe Ubaoni

Mwaka juzi tarehe niliiandika juu kabisa,
pale ubao unapokutana na fremu.
Mwaka jana ikashuka kiganja kimoja.
Leo naiandika usawa wa kidevu,
na Ndelilio wa dawati la nyuma ananyanyuka:
"Mwalimu, hatuoni. Vichwa vya mbele vimeimeza Jumanne."

Sikumjibu. Nilijifuta chaki kwenye sketi
kwa mkono wa kushoto, huu wa kushoto
ambao siku hizi umejifunza kila kitu
isipokuwa mwandiko.

Daktari Kileo kaniandikia rufaa.
Neno lenyewe lilinichekesha nikishuka ngazi:
kumbe bega nalo lina kesi,
limeshindwa huku chini, linakata rufaa huko juu,
na jaji wake atavaa kijani, atakuja na kisu.

"Asilimia sabini," alisema, "hupona vizuri."
Asilimia nazifundisha mimi, darasa la sita.
Lakini usiku, masika yakipiga bati hapa Majengo,
nimelalia ubavu mmoja kama chapati isiyogeuzwa,
nafanya hesabu iliyobaki:
thelathini nao wana mabega.
Thelathini nao walikuwa na nguo za kuanika.

Mama Aikande alipasuliwa. Sasa anainua sufuria ya mtori
mpaka rafu ya juu, anataka nimwone,
anaishusha, anaiinua tena.
Ila Julai, baridi ya Moshi ikikaza,
hulifunika bega kwa khanga mbili na hasemi kitu.
Mjomba Ndewario alikikataa kisu. Akawa ananing'inia mlangoni
kila asubuhi, kwa taulo, mwaka mzima na miezi.
Akapona. Au alizoea. Nilimwuliza ni lipi.
"Ukishazoea," akasema, "utajuaje?"

Wiki sita mkono umefungwa shingoni.
Nani atanimenyea ndizi, na utomvu wake usiotoka?
Nani atanifunga sidiria? Hili sikumwambia daktari.
Mwanangu yuko Dodoma, tena ni mwanamume.
Bima inalipa kisu. Bima hailipi ndoo.

Wahenga walisema mabega hayapiti kichwa.
Langu limepita.
Ndilo linaloamua nikae ukingo gani wa benchi kanisani,
ndilo linaloniamsha saa tisa usiku,
na sasa limeketi mezani mbele ya fomu ya ridhaa;
nikiishika kalamu, ndilo litakalosaini:
mgonjwa, shahidi na mwenye kesi, mkono mmoja.

Sijasaini.

Leo asubuhi nilimpa Ndelilio chaki.
Alipanda kwenye stuli, akanyoosha mkono wote,
hivi hivi tu, bila kuvuta pumzi kwanza,
akaandika Jumatano pale pale pa zamani,
mwandiko umepinda, unapanda kulia.
Darasa likapiga makofi.
Nami nikapiga, taratibu, chini ya kiuno,
macho yangu kwenye kwapa la shati lake
lililofumuka mshono kwa kuinuliwa mara nyingi mno.

Walipotoka mapumziko nilichukua rula ya mbao,
nikapima kutoka Jumatano yake
hadi pale mkono wangu unapogoma.
Sentimeta arobaini na mbili.
Nikaiandika nyuma ya fomu,
na kwa mazoea, nikaipigia mstari chini
kama jibu.