Kilomita ya Kumi na Tisa

Gari lilikuwa la kaka yangu, Waldemar,
Austin ya mwaka hamsini na moja, rangi ya chai ya maziwa,
na lilikuwa na tabia moja tu mbaya:
kilomita ya kumi na tisa kutoka Tacuarembó,
baada ya daraja, kabla mikalitusi haijaisha,
lilikohoa mara mbili, likafa.
Kila Alhamisi. Miaka kumi na mmoja.
"Kabureta," alisema Waldemar akirudi usiku,
na sisi ni nani tubishane na mwenye grisi mikononi?

Tulimzika Mei. Juni nikarithi ufunguo.

Nikaanza na mshtakiwa wa siku zote.
Niliifungua kabureta juu ya meza ya jikoni,
nikapuliza jeti hadi ulimi ukaonja petroli,
boya la shaba nikalitikisa sikioni
kama yai ninalolishuku kuwa viza:
kimya, halina tone ndani.
Sindano safi. Choki inafunga, inafunguka.
Nikairudisha, nikaendesha,
na kilomita ya kumi na tisa
kikohozi, kikohozi, kimya.

Mara ya pili nilibadili mpira wa petroli.
Mara ya tatu nikaosha tangi, nikatoa kutu kikombe kizima
na nyigu mmoja aliyekufa zamani.
Nikafurahi: kumbe ni wewe!
Hakuwa yeye.

Fagúndez, mstaafu wa karakana ya reli,
alikuja na chupa ya maji moto na kibuyu chake cha yerba,
akanyonya, akatazama, hakugusa kitu.
"Linakufa likiwa baridi au likishapata joto?"
Likishapata joto.
"Na ukingoja?"
Robo saa, linawaka kama halijawahi kukosea.
"Basi mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Iache kabureta. Katafute cheche."

Tukaliacha lingurume uani
mpaka boneti ikawa haishikiki, mpaka likazimika lenyewe.
Nikachomoa plagi kwa kitambaa,
nikailaza juu ya chuma cha injini.
Fagúndez akazungusha hendeli.
Cheche ilikuja, ndiyo, lakini ya manjano, nyembamba,
cheche ya mgonjwa anayejibu sijambo.

Kifuniko cha distributa, hakina ufa. Rota nzima.
Pointi zimeungua: upande huu shimo, upande ule kichuguu.
Na kando yake, imeshikwa na skrubu moja,
kondensa, ukubwa wa kidole gumba cha mtoto.
Ikipoa hufanya kazi. Ikipata joto husahau.
"Kitu cha bei ya mkate," akasema Fagúndez.
"Mtu yeyote mwenye bisibisi angejua."

Waldemar alikuwa na bisibisi kumi na nne.

Nikafungua kisanduku cha dashibodi nitafute msasa.
Chini ya ramani na glavu moja ya kushoto:
kiboksi cha kondensa, mpya, utepe haujakatwa,
risiti ya Ijumaa,
siku moja tu baada ya kuzimika kule kwa kwanza.
Sikuelewa. Fagúndez alielewa,
akaanza kukichunguza kibuyu chake.

Nikaifunga. Nikazisugua pointi,
nafasi nikaipima kwa wembe wa marehemu.
Cheche ikaja buluu, nene, yenye sauti: tak.

Alhamisi nikaendesha.
Daraja. Mikalitusi. Injini inanong'ona
kama mtu anayeosha vyombo bila haraka.
Kilomita ya kumi na tisa kuna lango la kijani.
Mara zote tatu nililipa mgongo,
kichwa changu ndani ya boneti.
Nyuma ya lango, baraza; barazani, viti viwili,
kimoja kimegeuzwa kuelekea barabara,
na mwanamke wa rika langu, sweta jeusi,
aliyesimama aliposikia mlio.

Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta.
Gari halikuwa na sababu yoyote.

Nikazima mwenyewe, kwa ufunguo.
"Kabureta?" akauliza.
Nikasema, kabureta.