Ngumi ya Sita

Nshoma karudi shule na habari ya jiwe:
lina njia moja na Mshtarii,
limetangulia, sudusi ya duara,
na lile jitu halilifikii.
"Halimezwi?"
"Halimezwi, baba. Wala halikimbii."

Nikacheka, nikafunga kamba za buti.
Mimi mkaguzi wa reli, Usoke:
saa kumi alfajiri, taa na spana,
nahesabu mataruma, nagonga boliti
hadi chuma kiseme kizima.
Nyuma, upande wa Tabora, garimoshi laja.
Miaka kumi na tisa nalitangulia
na kila siku linanipita,
nami nimeshuka kwenye majani,
kofia mkononi, kama mdaiwa.

Jiwe halishuki. Nani kalipimia nafasi?
"Jua linavuta, jitu linavuta," asema,
"mivuto ikapatana. Hapo pembeni pana kikao."

Leo Mshtarii iko juu ya Kaliua.
Nimenyoosha mkono alivyonifunza,
ngumi sita kurudi mashariki.
Ya sita imeshika giza.

Nimegonga boliti mara mbili hata hivyo:
mwenzangu, huku kwangu njia nzima.