Daftari la Ngazi

Fermín hakutaka nimwendeshee huruma.
"Ukinibeba kama gunia la viazi, dada,
nitashukia Mendoza nirudi na basi."
Basi lenyewe lina ngazi nne. Tulicheka mpaka mate yakatupalia.

Nikawasha mtambo, nikachomelea kigari cha ubavuni
kwa mabomba ya kitanda cha hospitali
na kiti cha trekta iliyokwisha kufa,
nikamkabidhi ramani, penseli, na mamlaka ya kusema
kushoto, polepole, ng'ombe, simama.

Tuliondokea La Quiaca, mpakani na Bolivia,
huko juu ambako hewa ni ya kupimiwa
na pikipiki hupanda ikikohoa kama mwenye pumu.
Nyuma yetu, ahadi:
Zulema wa mikate, peso hamsini kwa kilomita;
Iturralde, daktari wa meno, mia,
lakini kwa lami tu, changarawe ni juu yetu;
watoto wa darasa la sita, haba na haba,
sarafu ndani ya chupa ya mayonezi.
Zote za karakana ile nyuma ya stesheni ya Esquel
viti vya magurudumu vinakotengenezwa,
maana watoto hurefuka, viti havirefuki.

Mimi nilihesabu kilomita. Fermín alihesabu ngazi.
Sheli ya Cachi: kahawa safi, choo ngazi tatu.
Hoteli ya Chilecito: KARIBUNI WOTE, juu ya ngazi saba.
Kanisa la Malargüe: kumi na moja. Kumbe Mungu anaishi ghorofani.

Kwenye sheli moja mwanamume alimwekea noti mapajani
akaniuliza mimi: "Huyu anakunywa kahawa?"
"Muulize. Mdomo anao."
Fermín tayari alikuwa ameshafungua kitabu cha risiti.
"Jina lako? Etcheverry? Linaandikwa kwa r ngapi?"
Yule bwana akajikuta amechuchumaa kwenye mafuta yaliyomwagika,
akilitaja jina lake herufi kwa herufi,
uso kwa uso.

Chos Malal, waya wa mita ukakatika.
Nikasema tukadirie. Akanitazama kama mwizi wa kuku.
"Zulema analipa kwa kilomita. Unga wake haukadiriwi."
Tangu hapo akahesabu vibao vya barabarani, kimoja kimoja,
upepo ukitusukuma ubavuni
kama mlevi mwenye siri ya kutuambia,
vidole vyake vikigeuka bluu kwenye penseli.
Karibu na Zapala usingizi ulimpitia.
Akazinduka, akanigonga paja:
"Rudi. Kuna kibao sijakiona."
Nilitukana njia nzima, lakini nikarudi.

Siku ya kumi na tisa, Esquel. Matarumbeta. Vitambaa.
Jukwaa la kutupongeza lilikuwa ndani ya ukumbi wa manispaa,
na ukumbi wa manispaa una ngazi tisa.

Wakaja wanaume wanne, mikono imekunjuliwa, nia njema tupu.
Fermín akasema hapana, asanteni.
Hakupandisha sauti. Alilamba penseli, akaandika.
Ikabidi meza ishushwe, na kipaza sauti, na meya na hotuba yake;
upepo ukaichukua kurasa ya pili
na sidhani kuna aliyeikosa.

Akasoma hesabu akiwa ndani ya kigari, kofia ngumu mapajani:
kilomita hizi, peso hizi, changarawe ya Iturralde imetolewa.
Kisha akageuza daftari, akaanzia nyuma:
"Ngazi mia nne na kumi na mbili,
ukijumlisha tisa za leo.
Hizi nani analipa?"

Kimya. Mtu alikohoa.
Zulema, aproni bado kiunoni, akasogea mpaka ngazi ya chini
akaipima kwa shubiri, akaacha alama za unga kwenye jiwe.
"Mifuko mingapi ya saruji?" akauliza,
si meya, si mimi. Alimuuliza yeye.

Wakaanza kubishana juu ya mwinamo na kokoto.
Sikungoja waafikiane. Mgongo ulikuwa unawaka moto,
na nilikuwa nimebanwa tangu El Bolsón.
Choo cha ukumbi kipo nyuma, kulia.
Ngazi mbili. Nilirudi kumwambia.