Kalamu Kati ya Meno

Kabla ya sauti, alisema Bi Kabasinguzi, kuna pumzi.
Siku ya kwanza hatukugusa kipaza sauti.
Tulilala chali sakafuni, wanafunzi kumi na mmoja,
kitabu juu ya tumbo la kila mmoja,
tukavitazama vikipanda, vikishuka.
Ojara alipitiwa na usingizi.
Kitabu chake ndicho kilichopumua vizuri kuliko vyote.

Studio yetu ya Gulu ilikuwa stoo ya madawati.
Ukutani tumebandika trei za mayai,
nyingine bado zina manyoya,
na mlangoni blanketi la kijivu la kuzuia kelele.
Halizuii. Ukitusikiliza jioni
utasikia, nyuma ya bei ya simsim,
boda na abiria wakigombea mia tano.

Mimi nikapewa taarifa ya habari ya Kiswahili.
Si kwamba nilikijua. Wenzangu walikikimbia.
Ulimi wangu wa Kiacholi haukuzaliwa na *sh*:
shule ikawa sule,
shilingi ikawa silingi,
shukrani ikatoka sukrani, nusu yake sukari.
Bi Kabasinguzi akanipa kalamu, niiume.
Soma hivyo hivyo, mate yatiririke, usione haya.
Ukiitoa, ulimi utajua pa kukaa.

Mwezi mzima niliwasomea kuku wa mwenye nyumba
ratiba ya chanjo ya surua.
Mama alisaga simsim, beseni baada ya beseni,
karo ikalipwa kwa noti zenye mafuta.
Baba mdogo akauliza: Kwa hiyo unasomea kuongea?
Hukuzaliwa unaongea?
Sikuwa na jibu la sekunde thelathini.

Kisha kazi ya muhula: dakika tatu,
sauti ya mtu wa nyumbani kwenu.
Nikaenda Patiko kwa bibi yangu, Yunia Lakareber,
nikaweka kinasa sauti juu ya goti lake
kama mtu anayempakata mwenzake kifaranga.
Nikamwuliza kwa nini huizima redio
kila nianzapo kusoma.

Akasema: Kiswahili nilikijua kabla yako.
Ninayo maneno manne.
*Fungua. Lala chini. Leta. Haraka.*
Aliyataja kwa sauti isiyo yake,
na mshale wa kinasa ukaruka hadi kwenye nyekundu.
Sikumwambia kwamba hayo ni matano.
Akaendelea kuchambua mboga.
Sekunde kumi na moja, kijani kikivunjika, basi.

Chumba cha kuhariria, usiku, zamu yangu.
Hewa tupu ni wizi, ndivyo tulivyofundishwa:
zikipita sekunde tatu msikilizaji amekwenda kwa jirani.
Ojara akasema kata zote.
Niliacha saba, nikakata nne.
Nimetafuta baadaye katika kompyuta, katika kapu la taka,
sijui zile nne nimezitupa wapi.
Nilipata alama sitini na nane.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *Sauti imezidi kipimo, dakika ya pili.*

Leo umeme umekatika tena.
Jenereta inakohoa nje ya blanketi,
taa nyekundu inawaka, inasita, inawaka.
Ojara ananinyooshea vidole: vitatu, viwili.
Sijui kama Patiko redio imewashwa,
sijui kama betri zile bado zina uhai.
Kalamu iko mezani, ina alama za meno yangu.
Habari ya kwanza ni fupi, ya kawaida,
ingeweza kusomwa na yeyote:
wizara imetangaza, shule zitafunguliwa Jumatatu.

Navuta pumzi, ile ya chini ya kitabu.
Nalitamka *shule*, na *sh* imo, nzima.
Halafu lile jingine.
Nalisogelea taratibu,
kwa kiganja, si kwa kitako cha bunduki,
na boda anapita, anapiga honi katikati yake.