Makopo Matano

Jumapili jioni maji yanachemka kwa uongo.
Hapa El Alto tumeinuka mno;
maji hutokota kabla hayajawa moto sawasawa,
na maharage yanalijua hilo. Yanakaa sufuriani
saa ya kwanza, saa ya pili, yameng'ang'ana
kama watoto walioambiwa walale mapema.

Kwinoa naiosha mara saba.
Maji ya kwanza povu, utadhani nafua.
Ya pili povu. Ya tatu.
Uchungu wake umekaa nje, kwenye ngozi,
unaoshwa ukaondoka. Si kila kiumbe
kimejaliwa hivyo.

Mdogo wangu Wilder ni mchinjaji.
Miaka tisa, zamu ya alfajiri, viatu vya mpira hadi magotini.
Mwezi Agosti, bila tangazo, alisukuma sahani ya nyama kavu
katikati ya meza, akala viazi vitupu.
Mama alicheka: mwokaji anayeogopa unga!
Wilder akafuta mdomo.
"Ile harufu narudi nayo kwenye nywele," alisema,
"nisiikute tena mezani."
Hatukumuuliza zaidi. Kazi nyingine iko wapi?

Basi Jumapili ni yangu.
Napanga makopo matano, vifuniko kando,
kila kifuniko na rangi yake, maana seti zilishachanganyika.
Kwinoa chini, imechambuka punje punje.
Maharage, yaliyokubali hatimaye.
Malenge ya kuoka. Mahindi meupe, punje kama meno ya farasi.
Kitunguu chekundu kilicholala ndani ya ndimu
mpaka kikaona haya.

Halafu lokoto,
pilipili nene, mviringo kama tufaha la kitoto,
inayoficha mbegu nyeusi tumboni.
Nazisaga kwa nyanya juu ya jiwe la bibi,
uso nimeugeuzia dirishani, kwenye theluji ya mlima,
na bado macho yananitiririka.
Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Wanaouliza hivyo hawana mdogo mchinjaji.

"Ongeza," husema Wilder kila wiki.
"La Ijumaa liwe kali kuliko yote."
Nilidhani ulimi wake umekufa ganzi kwa baridi ya kule.
Siku moja, akifunga kamba za viatu, hakunitazama,
akaniambia: mchana wanakaa benchini, nyuma ya chumba cha barafu.
Anafungua kopo. Anakula. Machozi yanamfika kidevuni
na hakuna anayemuuliza kitu.
Pilipili ndiyo inayosingiziwa.

Nikashika kifuniko cha kijani nisijue nikiweke wapi.

Ijumaa hurudi na makopo yote matano, yameoshwa,
yananuka sabuni ya kiwandani. Nayaosha tena, tabia tu.
Ijumaa iliyopita ndani ya moja kulikuwa na vijiko viwili.
"Mzee Casimiro alionja," akasema.
Casimiro, mwenye mabega kama lango,
miaka thelathini na moja kwenye sakafu ile ile.
"Akasemaje?"
"Hakusema. Alikula hadi chini
akapenga kamasi. Kisha akauliza
kama dada yako hawezi kuongeza ukali kidogo."

Leo nimeloweka vikombe vitatu vya maharage badala ya viwili.
Nimekopa kopo kwa jirani, halina kifuniko;
nitalifunika kwa sahani, nifunge kitambaa.
Maji yanatokota. Bado hayajawa moto.
Ninayo usiku mzima.