Daftari la Paa

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi niandike.

Bangili sita za dhahabu, za mama yangu,
zilizopimwa na sonara ambaye hakuniangalia usoni:
laki nne na nusu.
Mkopo wa shemeji Iftikhar: laki mbili,
na neno moja alilolisema mezani,
lisilo na riba, lakini halilipiki.
Paneli kumi. Inveta moja. Vyuma, nyaya,
na fundi Shahmir aliyetoboa zege la paa letu hapa Faisalabad
huku anapiga mluzi, kana kwamba anakata tikiti maji.
Betri tuliambiwa tungoje.
Betri ni bangili ambazo sina.

Niandike pia kisicho na bei:
paa lenyewe.
Kila kiangazi tulilala huko, vitanda vya kamba sita kwa mstari,
shuka tumezilowesha maji ili usingizi usiungue.
Huko binti yangu Areeba alirushia tiara zake
hadi kidole kikachanika kwa uzi.
Sasa huko kuna vioo tu,
vimeinama kuelekea kusini
kama wanafunzi waliokosa hesabu.

Haya, upande wa mapato.
Juni, nyuzi arobaini na sita.
Jua lile lile lililomwangusha mlinzi wa kiwanda mwaka juzi,
asiamke,
leo nimeliajiri.
Saa sita mchana mgao wa umeme unapita mtaani,
nyumba zinanyamaza moja baada ya nyingine,
ila mitambo minne ya mume wangu inaendelea kufuma,
taka-taka, taka-taka, taka-taka,
na jenereta limefunikwa gunia, kuku anatagia juu yake.
Bili ya Mei mwaka jana: elfu thelathini na nane.
Mwaka huu: elfu sita.
Aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma
kutafuta palipofichwa nyingine.
Kwa mwendo huu bangili zitarudi mwaka wa nne.
Si zile.

Areeba anasema, mama, chora safu ya tatu: moshi.
Nauandikaje moshi ambao haukupanda?
Hauna harufu, hauna risiti.
Na vioo hivi navyo viliokwa mahali fulani kwa makaa ya mawe,
vilifika kwetu vikiwa na deni la moshi mgongoni.
Wanalilipa, anasema, mwaka mmoja, labda miwili,
kisha miaka ishirini na ushee ni faida.
Nikamuuliza kuhusu dada yangu kule Sindh,
maji yalipoingia hadi kwenye rafu ya vikombe:
je, paneli kumi zingeyapunguza kwa unene wa unywele?
Akasema, hata unywele hapana.
Lakini panda juu, uhesabu.
Nikapanda. Mapaa yalikuwa yanameremeta hadi kwenye mabomba ya viwanda.
Nilifika mia moja na kumi na tisa,
nikapotea, nikaanza upya.

Jana Mussarat alikuja na bakuli kuomba barafu.
Amepanga vyumba viwili vya chini, nyumba ya jirani;
paa si lake, na mwenye nyumba hapokei simu.
Alinionyesha bili yake. Feni mbili na friji,
imepanda tena.
Wenye vioo tumepunguza kununua kutoka gridi,
lakini nguzo zile zile bado zinadai malipo,
na anayebaki ndiye anayebeba.
Hakunilaumu. Alisema tu barafu yangu ni ngumu, nzuri.
Alipoondoka aliisahau bili mezani.

Nimeikunja mara nne,
nimeiweka katikati ya daftari hili.
Kalamu iko mkononi, wino upo.
Sijui niiandike upande gani.