Mji Uliofutwa kwa Vidole

Jumanne sina zamu. Kiwanda cha kuku
kimenirudishia vidole vyangu kwa siku moja,
nami nimevileta, vimevimba kwa baridi,
kanisa kuu la Hereford, chumba chenye giza la makusudi,
mbele ya dunia iliyochorwa juu ya ngozi ya ndama.

Ndama mmoja tu. Naijua ngozi.
Mwenye kupasua migongo kutwa
haambiwi uti ulipopita:
huu hapa, unashuka kutoka shingoni,
na katikati, kama kitovu, Yerusalemu.
Mchoraji hakuficha kitu. Aliilaza dunia
mgongoni mwa mnyama aliyewahi kunyonya.

Bi Prosser, mwalimu wa jiografia miaka thelathini na mmoja,
sasa anajitolea hapa na kikoti chake cha kijani.
Ananiambia: usitafute kaskazini.
Juu ni mashariki. Jua linapochomoza ndipo dunia inapoanzia.
Anaomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.
Mimi sikushangaa. Chumbani kwangu, juu ya duka la kinyozi,
mkeka wangu umekatiza zulia mshazari,
haufuati ukuta, haufuati dirisha.
Najua mtu anavyoweza kuigeuza nyumba nzima
kwa ajili ya upande mmoja.

Nikatafuta kwetu.
Bahari ya Shamu, nyekundu kweli, kama iliyopakwa jana.
Kisha mto, kisha, pembezoni kabisa,
safu ya viumbe: huyu hana kichwa, macho yako kifuani,
yule ana mguu mmoja mpana,
kalala chali, kaufanya mwavuli.
Mvulana wa shule kanyoosha kidole, kacheka,
kaniona, kanyamaza.
Nikamwambia: yule wa mwavuli ni mjomba wangu.
Akafikiri kwanza. Halafu akacheka tena, safari hii pamoja nami.

Bi Prosser hakucheka. Alinisogeza
hadi kwenye herufi za dhahabu. Soma, akasema.
Juu ya Ulaya imeandikwa Afrika.
Juu ya Afrika, Ulaya.
Mwandishi aliteleza, au alisinzia, hakuna ajuaye,
na dhahabu haifutiki kwa mate.
Basi kwa hati, miaka mia saba sasa,
anayesimama hapa amesimama Afrika.
Laiti ningeijua siku ile ya viza!
Ningeikunjua mezani, taratibu,
nikauliza ni nani anayehamia kwa nani.

Lakini nani angesafiri na ramani hii?
Hakuna, akasema. Haikuchorewa miguu.
Safina ya Nuhu ipo, mnara wa Babeli umesimama,
waliokufa na walio hai wamepanga mtaa mmoja.
Hapo nikamsikia mama, simuni, Tanga, akimwelekeza fundi:
shuka palipokuwa na kiwanda cha kamba,
pita kwa marehemu Shekalaghe,
ukifika lilipopinduka lori la chumvi, uliza.
Kiwanda hakipo. Shekalaghe hayupo. Chumvi ilizolewa zamani.
Fundi alifika.

Na sisi hapa tuko wapi?
Lilinitoka hivyo: sisi.
Akaonyesha chini, kushoto, visiwa vimejikunja
kufuata ukingo wa duara, kama nguo ya mwisho sandukuni.
Pana mto. Kando ya mto pana doa,
ngozi imekwanguka hadi kubaki kivuli.
Huo ndio mji, akasema.
Kila aliyekuja alitaka kugusa alipo.
Hapa ndipo. Hapa ndipo. Hapa ndipo.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
vingi vimeumaliza mji.

Siku hizi pana kioo.
Nilipoinuka niende, Bi Prosser alitoa kitambaa mfukoni,
akapumulia kioo, akafuta alama
chini, kushoto, kando ya mto.
Ilikuwa yangu.
Hakusema kitu. Kesho zamu inaanza alfajiri.